Maji ya Patasi

Mchonga milango wa Mji Mkongwe haipimi patasi kwa makali. Makali hutafutwa kwenye kinoo asubuhi yoyote. Maji, yaani ugumu wa chuma, hutiwa motoni, na yakikosewa hakuna kinoo cha kuyarudisha. Kwa hiyo ukipewa patasi iliyofuliwa na mhunzi wa Unguja, uliza kwanza asili yake: springi ya gari au tupa kuukuu?

Tupa ina kaboni karibu mara mbili ya springi, hushika makali zaidi, lakini ina hila yake. Ukiona mikwaruzo ya meno ya zamani karibu na ncha, irudishe. Ufa huanzia humo. Springi nayo huzimwa kwenye mafuta, maana maji baridi huweza kuipasua.

Chuma kilichotoka kuzimwa ni kigumu na chepesi kuvunjika kama kioo. Hapo mhunzi hukisugua king'ae, akakipasha tena polepole kuanzia shingoni, huku akitazama rangi zikitembea kuelekea ncha: manjano ya nyasi kavu kwenye nyuzi 220 hivi za Selsiasi, kahawia 255, zambarau 275, buluu karibu 300. Kwa patasi ya nakshi napenda manjano inayokaribia kahawia. Tezo ya mafundi majahazi wa Nungwi, inayopigwa kwa nguvu za mkono mzima, iachwe ifike zambarau.

Lakini rangi iko juu juu tu, msasa huifuta, na buluu inayoonekana kwenye ncha baada ya mashine ya kunolea ina maana makali yamelegea. Ili kupima ugumu wenyewe, chukua tupa mpya: nchani iteleze, ing'ate kwa shida, shingoni ile bila ubishi, kwani huko ndiko kunakobeba kishindo cha nyundo.

Kisha ijaribu kwenye kichwa cha ubao wa msaji, kukata nyuzi zake kwa kukingama. (Muuzaji mjanja atakuletea mti laini.) Msaji una chembe za silika zinazokula makali haraka. Piga mara kadhaa, elekeza ncha kwenye mwanga. Iliyomeguka ni ngumu mno: ipashwe tena kidogo, inolewe, itafaa. Iliyojikunja ni laini, na dawa yake ni kuanza upya kwenye moto mkali. Zikiwa mbili tu mezani, mimi nachukua iliyomeguka.