Sifa za Anayefyeka Pembezoni

Masika yakishakatika, kuanzia Somanga hadi Mchinga nyasi huwa zimempita mtu kimo. Mihogo imejificha, na mikorosho imezongwa hata matawi ya chini hayaonekani. Hapo huanza kazi ambayo wageni wa shamba huipita bila kuiulizia: kufyeka pembezoni. Nataka kuisifu, na hasa kumsifu dereva wa trekta anayeiweza, kwa kuwa wengi wanaokamata usukani huku kwetu wanajua kulima tu.

Kulima katikati ya shamba hakuumizi kichwa. Unanyoosha, unageuka, unarudi. Pembezoni ndiko yalikosukumwa yote ambayo shamba limeyakataa: visiki, vichuguu, mawe waliyoyatupa waliotutangulia, mfereji wa maji ya mvua, kaburi la mzee fulani, na mpaka wa jirani ambao kila mmoja anaukumbuka kivyake. Mahali kama hapo plau haina msaada. Haro nayo, ikipitishwa karibu na mkorosho, hukata mizizi inayotambaa juujuu na kuulegeza mchanga ambao nyasi ndizo zilizokuwa zinaushika. Kinachofaa ni fyekeo la trekta: visu viwili au vitatu vya chuma vinavyozunguka chini ya kifuniko kizito, vikizungushwa na shafti inayotoka kwenye injini. Mizizi hubaki ardhini, majani hubaki juu yake, na mvua ya kwanza ya Novemba haiondoki na udongo.

Mtu wa mjini ataona ni urembo tu. Pwani ya Lindi ukingo mchafu una gharama zake. Nguruwe pori hushinda humo mchana, usiku huingia kwenye mihogo na mahindi. Mwenye shamba naye hulazimika kuhamia kwenye dungu ili alinde. Simba, aliyekuwa akimfuata nguruwe, humkuta mtu. Mwaka 2005 watafiti walioongozwa na Craig Packer walichapisha katika jarida la Nature kwamba tangu 1990 simba walikuwa wameua watu wasiopungua 563 Tanzania. Lindi ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi, wengi walishambuliwa msimu wa mavuno, na nguruwe pori walitajwa waziwazi katika maelezo ya sababu. Sidai kwamba fyekeo lingewaokoa wote hao. Lakini anayelala dunguni anajua thamani ya kuona hatua ishirini mbele yake.

Kuna na korosho zenyewe. Hizi huokotwa. Bibo likiiva huanguka pamoja na korosho yake, na chini pakiwa na majani, akina mama huinama kutwa nzima wakipapasa, na jioni bado wameacha nyingi. Tena kuna moto. Mkorosho hauvumilii moto. Majani yake makavu chini ni mafuta tosha, na mwindaji mmoja anayewasha nyasi Agosti anaweza kuumaliza urithi wa kijiji. Wazee wa kusini wanajua shamba likimezwa na pori huwaje. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwahamisha wengi wao mbali na mikorosho yao, palizi ikafa, bei nazo zikavunja moyo, ugonjwa wa ubwiriunga ukaingia. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna takriban tani 145,000 za korosho. Msimu wa 1989/90 hazikufika 20,000.

Sasa nimtaje fundi mwenyewe. Nilimtazama mmoja akifanya kazi jirani na Kiranjeranje, kijana mkimya, kofia imefifia kwa jua. Alipofika hakuwasha mashine. Alimwendea mwenye shamba, bibi mmoja aliyekuwa ameketi kivulini akimenya mihogo.

"Shikamoo bibi. Huko pembezoni kuna nini nisichokiona?"

"Marahaba mwanangu. Pale penye mibono usipaguse, amelala mjomba wangu. Na kichuguu kile kina nyuki."

Ndipo akazunguka kwa miguu, fimbo mkononi, na nyuma yake wawili wenye mapanga. Kila alipogonga kisiki walikifyekea na kukifunga kitambaa chekundu. Alichokitafuta hasa ni mpingo. Mti huu ukikatwa kimo cha goti huachia kisiki ambacho hakiozi upesi wala hakikubali kisu. Visu vya fyekeo vimefungwa kwa bolti ili vijikunje vikigonga kitu, lakini mbele ya mpingo hata kujikunja hakutoshi. Vilevile alikuwa akiangalia upupu. Ukipitisha mashine kwenye upupu uliokwisha kauka, vumbi lake humwasha dereva, wasaidizi wake na jirani aliye upande wa upepo. Alipoukuta aliuacha ulivyo, ukatolewa asubuhi ya siku iliyofuata, umande ungalipo.

Alipowasha, niliona tofauti. Gia ndogo, injini ikinguruma kwa nguvu. Anayetaka kumaliza haraka hufanya kinyume, na nyasi hulala chini bila kukatika kisha husimama tena baada ya siku mbili. Duru ya kwanza alikata juu, ili kilichojificha kijitokeze. Ya pili akashusha hadi kiganja kimoja kutoka ardhini, asiparuze mchanga. Alizunguka kwa namna ambayo takataka zilirushwa ndani ya shamba, hazikuingia kwa jirani. Kila alipopumzika alipangusa mbegu za nyasi zilizoziba rejeta na majani yaliyojikusanya kwenye ekzosi, maana trekta lililokuja kuzuia moto linaweza kuuleta lenyewe. Alipofika kwenye mibono alilinyanyua fyekeo, akapita mbali, na wale wa mapanga wakamalizia kwa mkono, mmoja akiwa amevua viatu.

Jambo moja ambalo wengi hawalizingatii: nyasi zilizofyekwa na kuachwa zilale hazizuii moto. Zikikauka huwaka vilevile. Kwa hiyo ufyekaji wa Mei au Juni, nyasi zikiwa bado mbichi na hazijatoa mbegu, ni wa kulisafisha shamba. Njia ya kuzuia moto yenyewe inataka kukokotwa kwa reki hadi udongo uonekane. Vijiji vyenye misitu yao, kama Kikole na Kisangi huko Kilwa, ambavyo mwaka 2009 vilipata cheti cha kimataifa cha usimamizi wa msitu, vimeielewa siku nyingi hesabu hii ya majira.

Nikisifu trekta kusini, najua watu watanikumbusha Nachingwea. Kweli. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi wa karanga, wakaleta mabuldoza na hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta, wakajenga reli hadi Nachingwea, na Januari 1951 wakauvunja wakiwa wamepoteza takriban pauni milioni 36. Lakini ule haukuwa ufyekaji. Walikuja kuangusha pori lote kwa mpigo, na hakuna dereva aliyeambiwa amwulize bibi wa pale kwanza. Mashine ileile, ikiwa mikononi mwa anayeulizia, ni kitu kingine.

Kinachoniudhi ni malipo. Wakodishaji wengi hutoza kwa ekari, na ekari ya pembezoni hulipwa sawa na ekari ya uwanda. Hapo dereva hana sababu ya kushuka na fimbo, wala ya kukizunguka kichuguu. Kila dakika ya uangalifu inamla yeye. Akivunja kisu, bosi wake anamkata. Wenye mapanga nao, ambao bila wao hakuna kazi, huachiwa chai na maandazi. Bibi yule wa Kiranjeranje alikuwa amekataa utaratibu huo. Alipatana bei ya shamba peke yake na bei ya ukingo peke yake, hii ikiwa juu zaidi, na wale vijana wawili akawalipa kwa mkono wake kabla trekta halijawashwa, dereva akiwa shahidi. Jirani yake alimcheka, eti anamwaga hela. Ilipofika Septemba alimtuma mtoto kuuliza namba ya simu ya dereva.