Kidole cha Bela

Mwaka 1946, mjini Élisabethville, Lubumbashi ya leo, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya wachoraji iliyojulikana kwa jina la Hangar. Hakuwataka vijana wake waige picha za mabingwa wa Ulaya. Aliwapa karatasi na rangi, kisha akawaacha wafuate mkono wao.

Bela Sara, mtu wa Chad aliyekuwa akimtumikia nyumbani, alifuata kidole. Isogelee picha yake uone kazi ilivyokwenda. Kwanza rangi ya chini inatandazwa. Kisha ncha ya kidole inachovywa, inabonyezwa, inainuliwa. Rangi husukumwa pembeni, ikaacha doa lenye ukingo mnene na katikati nyepesi. Kidole hakiwezi kuvuta mstari mwembamba kama unywele, kwa hiyo jani, shina na samaki vyote hujengwa kwa madoa, moja baada ya jingine. Na doa la pili likiwahi kabla la kwanza halijakauka, rangi zinachafuana. Lazima usubiri.

Wengi wakiona madoa humtaja Seurat, mchoraji Mfaransa aliyejenga picha zake kwa vidoa. Mimi namkumbuka zaidi Titian, mchoraji wa Venice aliyefariki mwaka 1576. Mchoraji Palma Giovane alisimulia kwamba mzee huyo, akimalizia picha zake za mwisho, alitumia vidole zaidi kuliko brashi. Titian alifika hapo baada ya maisha mazima ya brashi. Bela alianzia hapo.

Mwenze Kibwanga, mwenzake Bela wa Hangar, yeye alishika brashi, lakini angalia alivyoibana. Mistari mifupi, sambamba, ya hudhurungi, manjano ya udongo na nyeusi, imejaza kila umbo. Mwindaji ana mwelekeo wake wa mistari, mnyama ana wake. Goti linapokunjwa, mistari nayo inageuka, na mguu unaonekana una uzito bila kivuli chochote kupakwa. Mstari mmoja ukienda kombo, paja lote linavunjika.

Desfossés alifariki mwaka 1954, na Hangar haikuendelea peke yake. Mwenze na mchoraji mwenzao wa Hangar, Pilipili Mulongoy, wakahamia chuo cha sanaa alichokianzisha Laurent Moonens mwaka 1951.

Picha za Pilipili, za ndege, nyoka na samaki, mimi huanza kuzitazama kwenye pembe. Mchoraji aliyechoka hujulikana huko kwanza: alama hulegea, nafasi hupanuka. Za Pilipili zimekaa karibu karibu mpaka ukingoni.