Ngazi za Köpenick

Uwanja wa mpira husifiwa kwa nyasi zake au kwa paa lake. Mimi nasifu ngazi: ngazi za zege wanaposimama mashabiki wa 1. FC Union, klabu ya Köpenick, mashariki mwa Berlin. Wanaozikanyaga ndio waliozijenga.

Uwanja wenyewe, An der Alten Försterei, uko ukingoni mwa msitu, jirani na nyumba ya zamani ya bwana misitu iliyoupa jina. Ulifunguliwa Agosti 1920 kwa mechi dhidi ya Nürnberg, mabingwa wa Ujerumani wakati huo. Kufikia mwaka 2008 ngazi zilikuwa zimechoka, majani yameota kwenye nyufa, na leseni ya kuutumia uwanja ilipatikana kwa huruma za wakubwa wa soka. Klabu ilikuwa daraja la tatu, na fedha za kumkabidhi mkandarasi kazi yote hazikuwepo.

Mashabiki wakaingia kazini wenyewe, kwa msaragambo. Tangu Juni mwaka huo, zaidi ya watu 2,300 walijitolea kwa jumla ya saa 140,000 hivi, yaani wastani wa saa 60 kila mmoja. Wapo waliotumia likizo zao za mwaka kubeba zege.

Ngazi ya kusimamia ni kazi isiyosamehe. Udongo wa chini usiposhindiliwa vizuri, mvua chache tu zitaizamisha upande mmoja. Kila ngazi sharti ilingane na mwenzake, kwa sababu anayeshuka katikati ya umati haangalii miguu. Goti lake limeshazoea kimo cha ngazi zilizotangulia, na moja iliyozidi kidogo inatosha kumwangusha, naye akaangusha wengine. Kimo kikipungua, wa nyuma ataona visogo tu. Kikizidi, mteremko unakuwa mkali, na goli likiingia watu wanaporomokeana. Kisha uso wa ngazi uinamie mbele kidogo mno, mguu usihisi lakini maji yahisi, maana majira ya baridi ya Berlin maji yaliyotuama hugeuka barafu, na barafu ikijitanua ndani ya ufa hupasua zege kuliko nyundo.

Yote hayo hupimwa kwa uzi, pima maji na jicho la fundi. Hapo ndipo ninapowavulia kofia wajenzi wazoefu walioongoza kazi ile. Kumpokea mwanafunzi, karani au mstaafu na kumfanya saidia fundi wa kutegemewa ni ufundi juu ya ufundi. Inabidi ujue kazi ipi umpe leo na ipi usimpe kabisa, na ukague kila mstari bila kumvunja moyo mtu anayefanya kazi bure.

Msimu huo timu ilihamia uwanja wa Friedrich-Ludwig-Jahn-Sportpark, na huko ikatwaa ubingwa wa daraja la tatu. Tarehe 8 Julai 2009 ikarudi nyumbani, pande tatu za kusimama zikiwa na ngazi mpya na paa juu yake. Hertha, majirani wa magharibi, wakaja kuuzindua na wakashinda 5-3. Jukwaa kuu la viti lilifuata mwaka 2013.

Leo uwanja unachukua watu 22,012, na viti ni 3,617 tu. Waliobaki, zaidi ya 18,000, wanasimama. Tangu Union ilipopanda Bundesliga mwaka 2019, ngazi hizo zimebeba umati ambao mwaka 2008 hakuna aliyeutarajia. Ubao wa zamani wa matokeo nao umeachwa mahali pake, na namba bado hubadilishwa kwa mkono, jambo ninalolipenda sana. Klabu ina mpango wa kuupanua uwanja, na katika mpango huo sehemu kubwa ya mashabiki bado watasimama. Kwa hiyo kuna ngazi nyingi za kujengwa, na Köpenick wapo watu wanaojua inavyofanywa.