Balbu Mpya, Sahani Ileile

Kutoa balbu ya halojeni kwenye taa ya mbele ya pikipiki na kuweka ya LED ni kazi ya dakika chache: fremu ya taa inafunguliwa, mpira wa kuzuia vumbi unavuliwa, plagi ya miguu mitatu inachomolewa, balbu mpya inabanwa mahali pake. Kwa kuwa kazi ni rahisi, wengi huhukumu matokeo kwa ukali wa mwanga peke yake. Lakini balbu hutoa mwanga tu. Pa kuupeleka panaamuliwa na sahani ya kuakisi iliyo nyuma yake pamoja na kioo cha mbele. Kwa hiyo kazi hii ipimwe kwa mahali mwanga unapoangukia barabarani, si kwa wati wala sifa zilizoandikwa kwenye boksi.

Itazame kwa karibu balbu ya halojeni ya wati 35 inayotumika kwenye pikipiki nyingi za bodaboda. Ndani mna nyuzi mbili za tungsteni, mmoja wa fuli na mwingine wa dimu. Chini ya uzi wa dimu pamewekwa kikombe kidogo cha chuma, kinachozuia mwanga usifike nusu ya chini ya sahani, kwani ukigonga hapo hurushwa juu, machoni mwa anayekuja. Umbo lote la sahani limepigiwa hesabu kwa uzi mwembamba wa milimita chache ulio mahali pamoja tu. LED haina uzi. Ina vipande bapa vilivyobandikwa pande mbili za kipande cha chuma, na chuma hicho kikiwa kinene, vipande husogea mbali na mstari wa katikati, mwanga ukatawanyika. Ndiyo maana balbu ya LED inayofaa ina ubavu mwembamba, vipande vyenye urefu unaokaribia ule wa uzi, na kikombe chini ya vipande vya dimu. Ikishafungwa, vipande vitazame kushoto na kulia, si juu na chini.

Upande wa umeme nao una mtego. Kwenye pikipiki nyingi ndogo, taa ya mbele hailishwi na betri. Hupata umeme wa AC moja kwa moja kutoka kwenye koili za magneto. Uzi wa halojeni hauchagui aina ya umeme, ila hufifia injini inapozunguka polepole. LED huhitaji DC, hivyo balbu isiyo na saketi ya kugeuza umeme itapepesa au kuungua mapema. Hapa pia hoja ya kuokoa betri hupungua nguvu: kama taa haikuwa ikila betri, kushuka kutoka wati 35 hadi 15 hakuiongezei betri chochote mpaka waya zipangwe upya ili taa ilishwe na betri kupitia rektifaya.

Wapo watakaosema halojeni ni hafifu mno, na kwenye giza la barabara isiyo na taa mwanga wowote wa ziada ni heri. Malalamiko hayo ni ya haki, ila mara nyingi chanzo si balbu. Mwanga wa halojeni huporomoka haraka umeme unapopungua: volti zikishuka kwa asilimia 10, mwanga hupotea kwa takriban asilimia 30. Waya iliyochakaa, plagi yenye kutu au sahani iliyobabuka hula mwanga kabla hujanunua kitu. Tena mwanga mkali ukijazana karibu na gurudumu la mbele, mboni za dereva husinyaa na mbali panazidi kuwa giza. Anaona kweupe, lakini haoni shimo lililo mbele.

Wengine watauliza mbona Ujerumani iliruhusu balbu za LED kwenye taa za halojeni. Ni kweli, tangu 2020, lakini kibali hakikutolewa kwa balbu peke yake. Kilifuata orodha ya magari ambayo taa zake zilipimwa zikiwa na balbu hiyo. Yaani hata walioruhusu walipima balbu na taa kwa pamoja.

Kipimo hicho kinawezekana mbele ya ukuta, kwa chaki. Pikipiki isimame mita 5 kutoka ukutani, mtu akiwa kitini, dimu ya halojeni ikiwaka. Chora mstari pale mwanga unapokatikia juu. Kwa taa iliyorekebishwa vizuri, mstari huo huwa kama sentimita 5 chini ya kimo cha katikati ya taa. Kisha weka LED, bila kugusa skrubu ya kurekebisha taa. Mwanga ukikatika palepale na juu pakabaki giza, balbu imeafikiana na sahani. Ukivuka mstari, geuza balbu ikae sawa kwanza. Ikishindikana, usiinamishe taa ili kuficha kasoro, maana utapoteza mwanga wa mbali ulioununua. Rudisha halojeni, au nunua taa nzima iliyoundwa kwa ajili ya LED, sahani na chanzo cha mwanga vikiwa vimepigiwa hesabu moja.