Heko kwa Mafundi wa Runinga wa Kabiria

Ukitoka Riruta Satellite kuelekea Kabiria, jijini Nairobi, utapita vibanda vyenye runinga zilizolazwa kifudifudi, migongo wazi. Wanaoziinamia ndio ninaotaka kuwapa heko.

Mteja huja na lalamiko lile lile: "Fundi, sauti iko lakini picha hakuna." Fundi hakimbilii bisibisi. Anaiwasha runinga, anazima taa ya kibanda, kisha anamulika kioo kwa tochi kutoka ubavuni. Picha ikionekana hafifu kama kivuli, kioo ki hai. Zilizokufa ni taa ndogo za nyuma yake. Mara nyingi taa hizo zimeungwa kwa mfululizo, kwa hiyo moja ikikatika, mkondo wote hukatika na giza hutanda. Kwangu mimi, kipimo hicho cha tochi ni elimu kamili.

Akiletewa wufa inayonguruma, fundi hukagua waya na plagi kabla ya kufungua chochote. Picha ikiganda vipandevipande, huuliza habari za eriali: tangu matangazo ya analogi yazimwe Nairobi mwaka 2015, ishara dhaifu haileti tena chengachenga, huikatakata picha au kuifuta kabisa.

Ninachowapendea zaidi ni ukweli wao. Kioo kikiwa kimepasuka, fundi mwema husema: "Mama, hii usiitengeneze. Bei ya kioo inakaribia ya runinga mpya. Niuzie nitoe vipuri." Na bodi yake, wiki ijayo, itafufua runinga ya jirani.