Chukudu ina sanamu, haina njia



Siku hizi mmoja wetu alituma katika kundi letu video ya vijana wa Ulaya wakikatiza mji juu ya trotinete za umeme. Hakuna moshi, hakuna kelele, hakuna foleni. Chini yake akaandika: "Na sisi Goma tutazipata lini?" Mioyo na makofi yakamiminika. Mimi sikuweka kitu. Si kwamba sipendi trotinete. Ni ju swali lenyewe limesimama kichwa chini, miguu juu. Nataka kulikosoa hapa taratibu, na nitaanzia kule kule Ulaya tunakotazama.

Paris ilizipata. Trotinete za kukodi zilianza kuenea katika mji ule mwaka 2018. Unafungua programu kwenye simu, unalipa kwa dakika, unapanda, na ukifika unaiacha pale ulipo. Pale ulipo! Shida ilianzia hapo. Ziliachwa mbele ya milango na katikati ya trotwari, mahali anapopita kipofu na fimbo yake, au mama na kigari cha mtoto. Mwaka 2019 Ufaransa ikatoa sheria: trotinete isipite kwenye trotwari, na mwendo usizidi kilomita 25 kwa saa. Mwaka uliofuata mji ukabakiza kampuni 3 tu, zikiwa na trotinete 15,000 kwa jumla. Bado ajali zikaendelea. Mwaka 2021 mwanamke aliyekuwa anatembea kwa miguu kando ya mto Seine aligongwa na trotinete iliyobeba watu wawili, akafa. Njo maana tarehe 2 Aprili 2023 meya Anne Hidalgo aliita wananchi wapige kura: mnazitaka ama hamzitaki? Asilimia 89 ya waliopiga kura wakasema hapana. Kuanzia tarehe 1 Septemba mwaka ule ule, Paris haina tena trotinete za kukodi.

Habari hii nimesikia watu wakiisoma kwa namna mbili. Wa kwanza wanasema: "Munaona? Hata bazungu bamezikatala, basi jambo limeisha." Wa pili wanasema kura haikuwa kitu, kwa sababu waliojitokeza hawakufika hata 8 kwa 100 ya walioandikishwa, na kwamba watu wachache wamezuia maendeleo ya vijana. Kuhusu hesabu, wa pili hawakosei. Lakini wote wawili wanasahau kuangalia kilichobaki barabarani.

Kilichobaki ni baiskeli. Baada ya kura, kampuni hizo ziliendelea kukodisha kinga za umeme katika mji ule ule. Na mwenye trotinete yake binafsi anaipanda mpaka leo. Betri ni ile, simu ni ile, kampuni ni zile. Kwa hiyo watu wa Paris hawakukataa umeme, wala hawakukataa magurudumu mawili. Walikataa kitu ambacho kiliingia mjini bila mahali pake.

Angalieni tofauti. Baiskeli za kukodi za mji, zile zinazoitwa Vélib', zilianza mwaka 2007 zikiwa na vituo vyake: unaichukua kwenye kituo, unairudisha kwenye kituo. Kisha mji ukaanza kukata barabara. Mwezi wa Mei 2020, watu walipotoka kwenye kufungiwa kwa sababu ya Covid, Rue de Rivoli, barabara kubwa ya katikati ya Paris, ilichukuliwa karibu yote ikapewa baiskeli. Mabasi, taksi na wakaaji wakabakiziwa sehemu yao. Wenye magari walilalamika sana. Leo, kwa mujibu wa uchunguzi wa Institut Paris Région uliotolewa mwaka 2024, katika safari 100 za ndani ya Paris, karibu 11 ni za baiskeli na karibu 4 tu ni za gari. Sidhani ni kwa sababu mtu wa Paris anapenda kutoka jasho kuliko mtu wa mahali pengine. Akitoka nyumbani, anakuta nafasi yake imechorwa chini.

Kosa la Paris, kwangu mimi, ni kuacha biashara ifike kwanza na kutafuta nafasi yake baadaye. Chombo kipya kikija bila njia yake, kinakula njia ya mnyonge: anayetembea kwa miguu. Betri inaondoa jasho, lakini haiongezi hata sentimita moja ya barabara.

Sasa turudi nyumbani.

Sisi tuna trotinete yetu tangu zamani. Tunaiita chukudu. Ni mti mgumu, magurudumu mawili ya mti yaliyovikwa mpira wa pneu zilizokwisha, na usukani kama pembe za ng'ombe. Mwenyewe anaweka goti moja juu ya ubao, mguu mwingine unasukuma. Inashuka kutoka Kibumba na makala, viazi, shu na mbao, mzigo wa kilo mia kadhaa, juu ya mawe ya volkano ambayo trotinete yoyote ya Paris, na vigurudumu vyake vidogo, ingevunjikia asubuhi ya kwanza. Haikuletwa na mradi wala haikungoja mfadhili. Viazi tulivyokula tukisoma usiku wa kuamkia mitihani, vingi vilishuka juu yake.

Na mji umeiheshimu, sikatai. Tuna rond-point nzima yenye jina lake, na katikati kuna sanamu ya mtu na chukudu yake, rangi ya dhahabu. Wageni wanapiga picha pale. Sisi wenyewe siku ya kolasyo tulipiga picha pale, na toge zetu.

Lakini simameni pale asubuhi mtazame chini ya sanamu. Chukudu ya dhahabu imepewa katikati ya barabara, imezungushiwa ukuta, hakuna gari linaloigusa. Chukudu ya mti inabanwa kati ya lori na mfereji. Motari anaipigia honi. Mwenye jeep anafungua kioo: "Wee papa, sogea kule, hauone?" Asogee wapi? Kulia ni mfereji, kushoto ni magurudumu ya Fuso. Yule papa wa dhahabu ana mita zake. Huyu mwenye familia ya kulisha hana hata moja.

Wenzetu wa Kisangani wana taksi za kinga zinazoitwa toleka. Kwa Kilingala maana yake ni tupite. Fikirini hilo: chombo kilichobeba mji katika miaka ya vita, wakati mafuta yalipokosekana, kina jina ambalo ni kuomba nafasi.

Najua nitakayojibiwa. La kwanza: "Mji umepitia vita, watu wanatafuta chakula, wewe unatuletea mambo ya njia za baiskeli." Mimi naona ni kinyume. Pesa ikipotea na mafuta yakipanda, ni watu gani wanaongezeka barabarani? Wanaotembea na wanaosukuma. Njia ya kinga ni raha Ulaya, labda. Kwetu ni njia ya chakula.

La pili: "Chukudu inachelewesha magari, bora iishe, tununue malori." Lori nalo linataka mafuta na shofere, na haliingii katika kila avenyu yetu ya mawe. Na kijana anayelipa deni la chukudu yake hanunui lori kesho. Kumwambia aondoke barabarani ni kumwambia aache kula.

La tatu linatoka kwetu sisi wenyewe, tena ndilo ninaliheshimu zaidi: "Tuweke mota na betri kwenye chukudu, iwe mradi wetu wa wahitimu." Wazo zuri. Kupanda na mzigo kunaua mgongo, na mwenye kubuni kitu cha kumsaidia yule papa nitampigia makofi mimi wa kwanza. Lakini chukudu yenye mota, bila njia yake, itapita wapi? Itapanda juu ya trotwari, kwa mama anayeuza ndizi. Tutakuwa tumenunua kosa la Paris kwa bei ghali, na sisi hatuna bajeti ya kulirekebisha.

Kwa hiyo swali la ndugu yetu ningeligeuza. Badala ya "tutazipata lini?", tuulize: barabara itakayofuata kutengenezwa, ramani yake imechorwa kwa ajili ya nani? Kati yetu kuna waliosoma ujenzi, sheria, uchumi. Njia ya pembeni, yenye jiwe la kuitenga na magari, inagharimu kidogo ikiwekwa kwenye mchoro kabla ya kaburimbo kumwagwa. Baada ya hapo, inataka kubomoa.

Na ili tusiende kwa ofisi ya meya mikono mitupu, napendekeza kazi ndogo isiyotaka mfadhili. Watu wanne, daftari nne, saa moja ya asubuhi mpaka saa mbili, pale rond-point ya Chukudu. Mmoja ahesabu magari, mwingine moto, mwingine chukudu na kinga, mwingine wanaotembea kwa miguu. Tufanye siku tano. Kisha tupime barabara kwa mita, tuone kila kundi limepewa ngapi.

Mimi nitachukua daftari ya chukudu. Zimebaki tatu.