Maandalizi ya Majimaji Nyuma ya Kilwa

Vita vya Majimaji dhidi ya utawala wa Wajerumani viliandaliwa kwa karibu mwaka mzima bila barua, bila simu na bila mfalme wa kutoa amri. Chimbuko lake ni Ngarambe, kaskazini-magharibi ya vilima vya Matumbi, nyuma ya Kilwa, ambako mganga Kinjikitile Ngwale alipandwa na pepo Hongo mwaka 1904.

Wamatumbi hawakuwa na mtawala mmoja. Kila ukoo ulijitawala, na baina ya koo kulikuwa na ugomvi wa muda mrefu. Huko ndani zaidi, Wangindo walikuwa wameonja mashambulizi ya Wangoni katika karne ya 19. Watu hawa wote walichoshwa na mashamba ya pamba ya lazima yaliyoanzishwa na Gavana von Götzen mwaka 1902, kodi ya kibanda na viboko vya maakida, wasimamizi waliowekwa na Wajerumani. Lakini kuchoshwa na mtawala mmoja hakutoshi kuwafanya mahasimu wasimame bega kwa bega.

Maji ya dawa ya Kinjikitile ndiyo yaliyofanya kazi hiyo. Habari zilienea kwa mnong'ono ulioitwa njwiywila, mtu kwa ndugu yake, mpaka makundi yakaanza kumiminika Ngarambe. Kwa aliyeyatazama njiani, hao walikuwa wagonjwa na wenye shida wakienda kwa mganga. Walipofika walinyunyiziwa maji yaliyochanganywa na mahindi na mtama, wakaambiwa kwamba risasi za Mjerumani zitageuka maji. Walipewa pia miiko: wasipore, wasilale na wanawake wakati wa vita. Kisha walifundishwa likinda, mazoezi ya kivita ya kwenda kwa safu. Hapa ndipo ustadi wa mpango ulipo. Aliyenyunyiziwa alirudi kwao akiwa ameapa, amefundishwa nidhamu, na anamjua mwenzake wa ukoo mwingine kuwa ni wa upande wake. Wajumbe, nao wakiitwa hongo, waliyapeleka maji kwa wasioweza kufika.

Udhaifu ulikuwa kwenye ishara ya kuanza. Kinjikitile aliwataka watu wangoje amri yake, na amri haikuja. Wamatumbi walichoka kungoja. Mwishoni mwa Julai 1905, huko Nandete, Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela waling'oa miche ya pamba shambani. Ilikuwa miche michache tu, lakini kila aliyehusika alijua maana yake. Ngoma zikalia, na wapiganaji wakamwendea akida wa Kibata. Tarehe 4 Agosti Kinjikitile alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro.

Kifo chake hakikuzima chochote, kwa kuwa maji yalikwisha kutawanyika. Boma la Liwale lilianguka Agosti hiyohiyo. Nyuma ya Lindi misheni ya Nyangao ilishambuliwa, na hongo Omari Kinjala akayafikisha maji kwa Wangoni, hasimu wa jana. Hata hivyo kila eneo lilianza kwa wakati wake, na von Götzen akapata nafasi ya kuagiza meli na askari kutoka nje. Tarehe 30 Agosti maelfu ya wapiganaji walilikabili boma la Mahenge waziwazi, wakaangushwa na bunduki za mtombo. Baada ya hapo imani katika maji ilipungua, na waliobaki wakageukia kuvizia msituni, kila kundi na kiongozi wake. Wajerumani walijibu kwa kuchoma vijiji na chakula, na njaa iliyofuata iliua wengi kuliko risasi.